Meinhard na Salmon: mbia akiletewa dili na mwenye nyumba, anaweza kula peke yake?

Kuna swali halikosekani kwa watu wanaofanya biashara kwa kushirikiana. Mmeingia wawili, hela mmetoa wote, ila mkataba wa pango uko kwa jina la mmoja kwa sababu yeye ndo alikuwa anamjua mwenye nyumba. Mkataba unakaribia kuisha, mwenye nyumba anamfuata yule yule mwenye jina anamwambia bwana nina mpango mkubwa zaidi, twende kazi. Je anaweza kuuchukua peke yake akakausha? Ukiuliza mtaani wengi watakwambia anaweza bwana, mkataba si umeisha, kila mtu apambane na hali yake.

Mahakama kuu kuliko zote ya jimbo la New York ililijibu hilo swali tarehe 31 Desemba 1928 kwenye kesi ya Meinhard dhidi ya Salmon, na jibu lao limekuwa maarufu kiasi kwamba Marekani huwezi kusoma sheria ya ubia bila kukutana nalo. Naichambua yote hapa, maana ukiielewa hii moja umeshika kiini cha wajibu wa wabia.

Ilikuwa hivi. Tarehe 10 Aprili 1902 mama mmoja, Louisa Gerry, alimpangisha Walter Salmon jengo la Hotel Bristol, lililokuwa kona ya barabara ya 42 na Fifth Avenue pale Manhattan, yaani eneo ambalo hata kwa wakati ule lilikuwa la moto. Mkataba wa miaka 20, unaanza 1 Mei 1902 unaisha 30 Aprili 1922. Sharti ni kwamba Salmon aigeuze ile hoteli iwe maduka na maofisi, kazi ya kama dola 200,000, na hiyo ni dola ya 1902 sio ya leo. Salmon alihitaji mtu wa kumpiga tafu kwenye hela, akampata Morton Meinhard, mfanyabiashara wa sufu.

Makubaliano yao yalikuwa wazi kabisa. Meinhard atoe nusu ya hela yote ya kukarabati na kuendesha jengo, faida miaka mitano ya kwanza achukue asilimia 40, baada ya hapo nusu kwa nusu, na hasara ikitokea wabebe sawa kwa sawa. Ila kuendesha ni Salmon peke yake: yeye ndo anatafuta wapangaji wadogo, anakusanya kodi, anaamua mambo yote. Na kwenye mkataba wa pango jina ni la Salmon tu, Meinhard hayupo hata kwenye mstari mmoja. Mwenye jengo alikuwa anamuona mtu mmoja. Hili likumbuke.

Miaka ikaenda, kuna vipindi vya shida na vipindi vya neema, wote wawili wakavumilia na wote wakala. Ikafika Januari 1922, imebaki chini ya miezi minne mkataba uishe. Wakati huo mmiliki alikuwa Elbridge Gerry, na huyu alikuwa na viwanja vingine jirani na Bristol, kimoja upande wa Fifth Avenue na vinne upande wa barabara ya 42. Wazo lake lilikuwa aunganishe vyote apangishe kwa mkupuo kwa mtu atakayebomoa majengo ya zamani na kupandisha jengo moja kubwa. Mwishoni mwa 1921 alishalizungusha hilo wazo kwa matajiri na madalali kadhaa, hakuna aliyeelewana naye. Ndo akamgeukia Salmon, mpangaji wake.

Wakakubaliana. Tarehe 25 Januari 1922 mkataba mpya ukasainiwa, mpangaji ni Midpoint Realty Company, kampuni ambayo ni ya Salmon mwenyewe. Miaka 20 ila ukihesabu na haki za kuhuisha unaweza kufika miaka 80. Majengo ya zamani yanaweza kubaki miaka saba, kisha yabomolewe lijengwe jipya la dola milioni 3. Kodi ya Bristol ilikuwa dola 55,000 kwa mwaka, hii mpya ya eneo zima ni kati ya dola 350,000 na 475,000. Salmon akaweka na dhamana yake binafsi kwamba masharti yatatimizwa mpaka jengo liishe. Kwa hiyo sio kwamba alipewa mteremko, alibeba mzigo kweli kweli.

Na katika hayo yote Meinhard hakuambiwa neno. Alikuja kujua Februari, mambo yameshaisha, wino umekauka. Akasema huo mkataba ni wetu wote, uushike kwa niaba ya ubia wetu. Salmon akagoma. Wakaenda mahakamani, na huko Meinhard akasema yuko tayari kubeba sehemu yake ya hiyo dhamana.

Kabla ya kuendelea tuweke sawa kitu kimoja, maana kuna mtu atasema hawa hata kampuni ya ubia hawakusajili. Ni kweli hawakuwa na firma yenye jina lao wote, ulikuwa ushirika wa mradi mmoja wenye mwanzo na mwisho. Lakini mahakama ilisema kwamba watu waliounganisha hela kwenye biashara moja wakagawana faida na hasara wanadaiana uaminifu unaofanana na wa wabia. Na huku kwetu sheria inaanzia hapo hapo: ubia ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida. Haiulizi kama mna mhuri. Tanzania hiyo iko ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, Kenya wana Sheria ya Ubia ya 2012, na zote mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya 1890. Usajili wa jina la biashara BRELA (wakala wa kusajili biashara Tanzania) ni muhimu, ufanye, ila unasajili jina. Ubia wenyewe unaweza kuwa ulishazaliwa siku mlipoanza kununua mzigo pamoja na kugawana faida, mkijua msijue.

Na ukizaliwa unakuja na mambo yake. Kila mbia ni wakala wa mwenzake, akikopa mzigo kwa ajili ya biashara deni linawafuata wote mpaka kwenye mali zenu binafsi. Msipoandika mgawanyo, faida na hasara ni sawa kwa sawa, hata kama mmoja alitoa mtaji mara tatu ya mwenzake (hii huwa inawaumiza watu vibaya mno). Na kuna mambo matatu ambayo ile sheria ya 1890 iliyaandika waziwazi: mpe mwenzako hesabu za kweli na taarifa kamili za kila kinachohusu ubia, faida yoyote uliyoipata kwa kutumia mali au jina au mahusiano ya biashara ya ubia bila ridhaa ya wenzako irudishe mezani, na usifungue biashara inayoshindana na ya ubia wako bila wao kukubali. Kisa cha Salmon kinagusa hayo mawili ya kwanza, na mimi naona ni lile la kwanza ndilo lililommaliza.

Twende kwenye utetezi wake, maana haukuwa wa kitoto. Kwanza alisema ule ubia ulikuwa na tarehe ya kufa, 30 Aprili 1922, na mkataba mpya unaanza baada ya hapo, hakuna popote walipoandikiana kwamba watahuisha. Pili, hiki sio kitu kile kile, Bristol ilikuwa jengo moja la kupangisha maduka na hili ni eneo zima la kubomoa na kujenga upya, mtaji tofauti na hatari tofauti kabisa. Na juu ya hapo kuna jambo ambalo halikuwa hoja ya kisheria sana lakini lilikuwa linanuka pale mahakamani: Meinhard alitoa hela tu, hakuwahi kuhangaika na mpangaji hata mmoja, miaka yote ile kazi ilikuwa ya Salmon, na alishalipwa vizuri sana. Sasa anataka nini tena?

Jaji Benjamin Cardozo ndo aliandika hukumu ya waliokuwa wengi. Kitu ninachokipenda kwake ni kwamba hakumpaka Salmon matope. Alisema wazi hatusemi huyu bwana alikusudia kutapeli, inawezekana kabisa aliamini kwa moyo mweupe kwamba ubia ukiwa unaishia anaweza kumweka mwenzake pembeni na kuchukua dili mwenyewe. Akakubali pia kwamba Meinhard anaweza kuonekana kama mtu mwenye tamaa. Kisha akasema hayo yote yangekuwa na uzito kama tungekuwa tunawapima hawa kama washindani wa sokoni, lakini hawa sio washindani, ni watu waliowekana kwenye amana. Mambo mengi yanayoruhusiwa kwa watu wanaovutana sokoni yamekatazwa kwa mtu aliyefungwa na uaminifu. Uaminifu wa kawaida tu wa kutoiba hautoshi, anatakiwa awe na heshima ya hali ya juu kabisa kwa mwenzake. Na kwa Salmon kipimo kilikuwa kikali zaidi kwa sababu alikuwa ndiye meneja.

Sasa ile niliyosema uikumbuke. Kwa nini Gerry alimfuata Salmon? Sio kwa sababu Salmon alikuwa tajiri kuliko wote Manhattan, matajiri alishawajaribu. Alimfuata kwa sababu ndiye alikuwa ameshika jengo. Na alikuwa ameshika jengo kwa niaba ya watu wawili, ila mkataba ulikuwa unaonyesha mmoja. Cardozo anasema kama pango lingekuwa kwa jina la ubia, tunaweza kuamini Gerry angeliweka wazo lake mbele ya wabia wote wawili. Kwa hiyo ile nafasi ilimjia Salmon kupitia kiti alichokalishwa na hela ya Meinhard pamoja na ya kwake, na ukimya wa makaratasi ndo ulimfanya aonekane ni yeye peke yake. Mtu ambaye makaratasi yanamfanya aonekane peke yake ana deni kubwa zaidi la kusema, kwa sababu mwenzake hana njia nyingine ya kujua. Meinhard angejuaje? Gerry hakujua kama kuna mtu anaitwa Meinhard kwenye hilo jengo.

Hapa ndipo watu wengi wanaoisimulia kesi hii wanapopitiliza. Wanasema mahakama iliamua kwamba mbia akipata dili jipya lazima agawane. Hapana. Cardozo alisema Salmon angeweza kumwambia Meinhard kwamba wazo limeletwa na kila mmoja yuko huru kulishindania, na kama angefanya hivyo basi suala la kama angelazimika kugawana hatuna haja hata ya kulijibu. Kosa ni kwamba alimnyima mwenzake nafasi ya kushindana. Yaani kilichotakiwa ni ujumbe mmoja tu, wa leo ungekuwa hivi: "Bwana Meinhard, Gerry kaniita, anataka kupangisha Bristol pamoja na viwanja vyake vya jirani kwa mkupuo, jengo la milioni tatu. Mimi nina nia ya kuchukua. Na wewe kama unataka, mtafute." Basi. Mistari michache hiyo ingeweza kumuokoa na kesi ya miaka.

Hebu waza hivi, uwe unasaini mkataba mpya halafu mbia wako aingie akufume, je utaweza kumtazama usoni? Kama utajisikia umekamatwa, basi ulikuwa unafanya kitu cha chini chini, na mahakama ya haki haiwezi kukibariki.

Lakini kura zilikuwa nne kwa tatu, na upande wa pili nao ulikuwa na akili zao. Jaji Andrews aliandika kwa niaba ya wale watatu, na hoja yake ni kwamba kuna ubia wa jumla ambao unaendelea tu, na kuna ushirika wa jambo moja wenye mwisho unaojulikana. Kwenye ule wa kwanza ni kweli mbia hawezi kwenda kuhuisha pango la ofisi kwa siri akajimilikisha. Ila hawa walikubaliana jengo moja, miaka ishirini, kwisha, hakuna aliyetegemea zaidi ya hapo. Huu mkataba mpya haukuwa ule wa zamani uliorefushwa. Ukimsoma Andrews peke yake unaweza kusimama naye, na mimi kwenye suala la ukubwa wa mradi naona alikuwa na pointi, kwa sababu Meinhard aliweka hela yake kwenye ukarabati wa hoteli, hakuiweka kwenye ghorofa la dola milioni 3. Kinachonirudisha kwa Cardozo ni tarehe. Salmon alisaini tarehe 25 Januari, na ubia ulikuwa hai mpaka tarehe 30 Aprili. Miezi mitatu na siku kadhaa alikuwa bado ni meneja wa hela ya mtu, anakusanya kodi kwa niaba yake, huku mfukoni ana mkataba wa jengo lile lile ambao mwenye hela haujui. Angesubiri mpaka Mei na Gerry aje wakati huo, kesi ingekuwa nyingine kabisa.

Na Cardozo mwenyewe aliweka mpaka. Alisema lingekuwa swali tofauti kama kusingekuwa na uhusiano wowote kati ya biashara ambayo meneja anaiendesha na fursa aliyoletewa. Tuseme Gerry angemwambia Salmon nina shamba huko nje ya jiji, lichukue. Hapo Meinhard asingekuwa na cha kudai. Lakini hapa lile jengo la ubia lilikuwa ndani ya mkataba mpya, ndo moyo wa eneo lenyewe.

Haya, Meinhard alipata nini? Hatua ya kwanza alipewa robo ya mkataba mpya, akakata rufaa ikapanda ikawa nusu. Mahakama ya juu ikabakiza nusu lakini ikarekebisha kitu kidogo cha kitaalamu ambacho mimi nakiona kizuri sana. Kwa kuwa mpangaji ni kampuni, Salmon aliruhusiwa akitaka amana (yaani ule wajibu wa kushika mali kwa niaba ya wote wawili) iwekwe kwenye hisa badala ya kwenye mkataba wenyewe, na hisa zigawanywe nusu kwa nusu, ila Salmon aongezewe hisa moja. Moja tu. Kwa nini? Kwa sababu toka mwanzo walikubaliana uendeshaji ni wa Salmon, na hakuna sababu ya kumvua hilo. Meinhard akapata nusu ya mali pungufu kidogo, Salmon akabaki na usukani. Na nusu haikuja tupu, ilikuja na nusu ya mzigo, maana Meinhard mwenyewe alishasema atabeba wajibu wa dhamana. Hukumu imetoka siku ya mwisho ya 1928, Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na ghorofa lenyewe, linaitwa 500 Fifth Avenue, likakamilika 1931 katikati ya mdororo. Lipo mpaka leo, ghorofa 60.

Hukumu ya New York haimfungi hakimu wa Dar wala wa Mombasa, hilo lieleweke. Lakini ule wajibu wa taarifa kamili na wa kurudisha faida ya siri ni mle mle kwenye sheria tulizorithi, kwa hiyo wakili akiileta mahakama itaisikiliza kama hoja ya kushawishi. Na mazingira ni yale yale tunayoishi nayo. Chukua fremu Kariakoo. Mnachanga wawili, mnalipa kilemba, mnalipa kodi ya miezi sita au mwaka mapema, mkataba unaandikwa jina la anayekaa dukani. Yule mwingine yuko kazini kwake, au yuko Muscat anatuma hela. Baada ya miaka mitatu mwenye nyumba anataka kupandisha ghorofa, anamwita wa dukani anamwambia nitakupa fremu mbili kwenye jengo jipya, changia ujenzi. Wa dukani anachangia kwa hela ya mauzo, anaandikisha fremu mpya kwa jina la mke wake, anamwambia mwenzake "jengo linabomolewa kaka, biashara imekufa, tugawane stoku". Hiyo ni mbaya kuliko ya Salmon, kwa sababu Salmon angalau hakudanganya na hakutumia hela ya ubia. Wa Muscat hapo ana haki ya kudai hesabu, kudai sehemu yake kwenye zile fremu, na kuweka jina la mke mbele hakutamsaidia sana mwenzake, kama ambavyo Midpoint haikumsaidia Salmon.

Shida ya huyo wa Muscat itakuwa ushahidi. Meinhard alikuwa na makubaliano yaliyoandikwa na yakaonyesha asilimia, huyu wetu ana meseji za kutuma hela kwa simu na maneno ya mdomo. Kwa hiyo kama uko kwenye hali hiyo sasa hivi, kabla ya ugomvi, andikeni karatasi moja inayosema pango la fremu fulani limeshikwa na fulani kwa niaba yetu wote wawili, sainini wote, mashahidi wasaini, na ikiwezekana mwenye nyumba apewe nakala. Ongezeni na sentensi ya mwisho wa pango, kwamba ofa yoyote itakayoletwa na mwenye nyumba kuhusu eneo hilo au jengo litakalojengwa hapo, aliyeletewa amjulishe mwenzake kwa maandishi ndani ya siku kadhaa, na mwenzake akikaa kimya muda fulani basi aliyeletewa yuko huru. Mnaweza pia kukubaliana kinyume chake, kwamba pango likiisha kila mtu ajitegemee na anaruhusiwa kumfuata mwenye nyumba peke yake hata kabla halijaisha. Hilo nalo ni halali mkilikubali wote mkijua mnachokubali, na kama Salmon angekuwa na sentensi hiyo kwenye makubaliano ya 1902, sidhani kama Meinhard angekuwa na kesi.